Gari la Taka la Mikocheni Linamwaga Wapi?



Katika Mikocheni, kama katika vitongoji vingi vya Wilaya ya Kinondoni, siku ya gari la taka hujulikana hata kwa mtoto mdogo. Mifuko hutolewa nje ya lango asubuhi, gari hupita, na barabara hubaki safi. Mwenye nyumba aliyekwisha kulipa ada yake huona kuwa wajibu wake umekwisha. Ni wachache mno wajiulizao gari lile limekwenda kumwaga wapi. Mazungumzo haya yanahusu swali hilo, kwa sababu limewahi kuwafikisha wakazi wa Dar es Salaam mahakamani mara mbili, na mara zote mbili Halmashauri ya Jiji ilishindwa.

Kwanza yafaa kukumbuka halmashauri hiyo ilikuwa katika hali gani. Dar es Salaam ilipata hadhi ya jiji mwaka 1961. Serikali ilipopeleka Madaraka Mikoani mwaka 1972, halmashauri za kuchaguliwa zilivunjwa, na Jiji likagawanywa katika wilaya tatu za Kinondoni, Ilala na Temeke, chini ya wakurugenzi wa kuteuliwa. Nia ilikuwa kuyasogeza maamuzi karibu na wananchi. Mijini, hata hivyo, huduma zilizorota, na halmashauri za miji hazikuwa na budi kurudishwa mwaka 1978. Sheria Na. 8 ya mwaka 1982 ikazipa msingi wake. Halmashauri ya Jiji ilirudi na wajibu wake wote wa zamani, lakini fedha na magari havikurudi pamoja nao.

Taka za Jiji zilikuwa zikimwagwa Tabata, katikati ya makazi ya watu. Walioishi hapo walivumilia moshi, uvundo na nzi hadi uvumilivu ukawaishia. Katika kesi Na. 299 ya mwaka 1988, Mahakama Kuu iliiamuru Halmashauri iache kulitumia jaa lile. Halmashauri haikuacha, ilirudi kuomba iongezewe muda. Jaji Lugakingira alistaajabu kuona chombo cha umma kikija mahakamani bila haya kuomba ruhusa ya kuyachafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu, naye akaegemea ibara ya 14 ya Katiba, ihusuyo haki ya kuishi. Inafaa walimu wa uraia walitilie maanani jambo hilo. Haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba mwaka 1984, na zikaanza kudaiwa mahakamani mwaka 1988. Miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa kuzitumia walikuwa wakazi wa kitongoji waliochoshwa na moshi wa takataka.

Mwaka 1991 Halmashauri iliondoka Tabata. Ilikwenda wapi? Ilikwenda Kunduchi Mtongani, katika Kinondoni hii hii, mwendo mfupi kutoka Mikocheni kwa barabara ya Bagamoyo. Wakazi wa huko, zaidi ya mia saba, nao walifungua shauri, Na. 90 la mwaka huo huo. Jaji Rubama aliizuia Halmashauri kumwaga taka pale, akaiamuru itafute mahali pasipodhuru watu.

Wanasheria huzisifu hukumu hizo mbili, na wana haki. Lakini taka zenyewe ziliendelea kuhama. Zilikwenda Vingunguti, kisha Mtoni, na tangu mwaka 2007 zinakwenda Pugu Kinyamwezi. Mtu akizitazama sehemu hizo kwenye ramani ataona jambo ambalo halikuandikwa katika hukumu yoyote: mara nyingi taka huhamia kwa watu wenye kipato kidogo na sauti ndogo. Ni vigumu kumfikiria ofisa ambaye angethubutu kupendekeza kiwanja kimoja cha Mikocheni au Oysterbay kwa kazi hiyo. Kinachoitwa usafi wa mtaa mmoja kimekuwa mzigo wa mtaa mwingine, na umbali umekuwa dawa ya dhamiri.

Muundo wa utawala nao haukusaidia. Halmashauri ya Jiji ilivunjwa mwaka 1996 na kazi zake zikashikwa na Tume ya Jiji chini ya Ndugu Charles Keenja. Mwaka 2000 zikazaliwa manispaa tatu, na baadaye Ubungo na Kigamboni zikafanya ziwe tano. Mwezi Februari 2021 Halmashauri ya Jiji iliyokuwa ikiziunganisha manispaa hizo ilivunjwa tena, na Ilala ikapandishwa kuwa Jiji. Pugu imo Ilala; Mikocheni imo Kinondoni. Kwa hiyo mkazi wa Pugu hampigii kura diwani hata mmoja wa manispaa inayompelekea taka, na mkazi wa Mikocheni hana diwani wa kumwuliza habari za jalala la Pugu. Vibao vya ofisi vimebadilishwa mara nyingi, lakini njia ya mlalamikaji imezidi kuwa ndefu.

Inabaki ngazi ya chini kabisa, yaani mtaa. Wengi hawajui kuwa mtaa wa mjini una uwezo mdogo kisheria kuliko kijiji. Halmashauri ya kijiji ni chombo kamili cha kisheria, na inaweza kutunga sheria ndogo, mtaa hauwezi. Mtaa una mwenyekiti wa kuchaguliwa, mtendaji wa kuajiriwa, na mkutano wa wakazi. Ni silaha ndogo, lakini hata hiyo imeachwa ishike kutu. Watumishi na walimu wakaao Mikocheni A, Mikocheni B au Regent Estate huikumbuka ofisi ya mtaa wanapotaka barua ya utambulisho kwa ajili ya benki au pasipoti. Mkutano ukiitishwa, huachiwa mama lishe, wenye vibanda na wazee waliostaafu. Halafu wasomi hao hao hulalamika kwamba mto Mlalakuwa umejaa chupa na mifuko.

Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 imezipa serikali za mitaa jukumu la taka ngumu, pamoja na kuhimiza zitenganishwe pale zinapozalishwa. Hilo ni jambo la jikoni kabla ya kuwa la ofisini, kwani zaidi ya nusu ya taka za Dar es Salaam ni mabaki ya vyakula na majani, vitu visivyo na sababu ya kusafirishwa hadi Pugu kwenda kuoza kwa watu. Huko Mabwepande, Manispaa ya Kinondoni, kwa ushirikiano na mji wa Hamburg wa Ujerumani, ilijenga kiwanda cha kuzigeuza taka za namna hiyo kuwa mboji. Mkandarasi wa Mikocheni hubeba kila kitu katika mfuko mmoja kwa sababu kila nyumba humpa mfuko mmoja, wala hapana aliyemtaka afanye vinginevyo. Mkutano ujao wa mtaa ukiitishwa, mtendaji na aulizwe hadharani gari linamwaga wapi, ada inagawanywaje, na mfuko wa pili, ule wa maganda na majani, utaanza kuchukuliwa lini. Majibu yake na yaandikwe katika muhtasari wa kikao, ili diwani ayakute mezani.