D. O. Misiani na Fedha za Benga
(Mhadhara wa umma, Awasi)



Barabara hii inayopita Awasi ndiyo waliyoifuata wanamuziki wa huku ziwani walipotaka kurekodi. Studio nyingi zilikuwa Nairobi, kwa hiyo gitaa lilipanda basi Kisumu, likapita Ahero, likapita hapa, likaupanda mlima wa Kericho. Santuri ziliteremka kwa njia hiyo hiyo kuja kuuzwa. Nauli ya kwenda ilikuwa ya mwimbaji. Faida ya kilichorudi, mara nyingi, ilikuwa ya mwenye lebo. Jioni hii nataka tumfuate Daniel Owino Misiani, mwanamuziki wa benga, muziki wa magitaa wa Wajaluo, kwa kuzifuata fedha, maana vibao vyake mnavijua kuliko mimi.

Alizaliwa mwaka 1940 Nyamagongo, karibu na Shirati, upande wa Tanganyika. Mpaka haukuwa kitu kwake: Mjaluo wa Shirati na wa Kano huku Kenya hucheka utani ule ule. Katikati ya miaka ya 1960 alikuwa na bendi iliyobadilisha majina hadi ikatulia kwenye Shirati Jazz. Msitafute tarumbeta ndani ya jina hilo. Enzi zile bendi nyingi za magitaa zilijiita Jazz kwa heshima tu.

Sasa tuitazame santuri yenyewe, ile ndogo ya mizunguko 45. Upande mmoja ulibeba dakika chache tu, na benga haitoshelezwi na dakika chache, dansini ilikesha. Basi wimbo ulikatwa vipande viwili. Upande wa kwanza mwimbaji anasimulia, taratibu, huku akiwataja watu. Ukigeuza, maneno yanapungua, gitaa la solo linachukua uwanja na besi inalijibu bila kuchoka. Aliyewahi kumwona mpigaji wa nyatiti, ala ya nyuzi ya Wajaluo, ameketi chini, pete ya chuma ya kidole cha mguu ikigonga mwili wa ala, haulizi besi hiyo ilijifunzia wapi kutembea.

Na wale waliotajwa? Hapo ndipo riziki ilipokuwa. Pakruok, majigambo ya Kijaluo, ni desturi yenye bei: unatoa fedha, unasifiwa mbele za watu, jirani naye anatoa zaidi. Wapo wasomi wanaoyaona majina hayo kuwa ujazo wa wimbo usio na hoja. Siwaungi mkono. Fedha ya sifa ilitoka mkononi mwa msikilizaji ikaingia mkononi mwa mwimbaji, na hakuna lebo iliyoweza kuikata katikati.

Misiani aliimba siasa pia, kwa mafumbo ya Biblia na ya wanyama. Mafumbo hayakumkinga, alikamatwa zaidi ya mara moja.

Turudi kwenye lebo: mwenye biashara ya santuri aliyevuma kuliko wote alikuwa Phares Oluoch Kanindo, ambaye baadaye aliingia Bungeni. Santuri zake zilifika mbali kusini, na huko Zimbabwe watu wakauita mtindo wenyewe “kanindo”. Fikirini hilo: jina la muuzaji likawa jina la muziki. Simlaumu, maana bila yeye benga isingevuka Zambezi. Lakini waliotunga na kupiga walibaki wakitegemea viingilio vya dansi.

Mwaka 1987 World Circuit ya London ilitoa albamu ya Shirati Jazz, Benga Beat. Ulaya ilikuwa imesikia. Huku nyumbani kaseti za wizi zilikuwa zimeshaanza kuinyonga santuri, na Misiani aliendelea kupiga jukwaani hadi ajali ya barabarani ilipomuua Kisumu mwezi Mei 2006.

Mnaosomea sheria, chukueni kalamu. Kwa sheria ya hakimiliki ya Kenya, utunzi hulindwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka aliofariki mtunzi, lakini rekodi hulindwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Wimbo alioutunga Misiani na kuurekodi Nairobi mwaka 1972 una sura mbili leo: haki ya mwenye rekodi iliisha na mwaka 2022, haki ya mtunzi inaendelea hadi mwisho wa 2056. Anayeucheza au kuurekodi upya anadaiwa na warithi wa mtunzi. Nani anawakusanyia, na kwa orodha ipi ya nyimbo? Hilo ndilo swali ningependa tuanze nalo mjadala.