Vigango: Mbao Zilizovuka Bahari na Njia Yake ya Kurudi

(Maelezo yaliyotolewa kwa wakazi katika kikao cha utamaduni na urithi)



Katika makavazi mengi duniani, vitu vya asili na vya utamaduni hukaa chini ya paa moja. Huku kuna mifupa ya wanyama wa kale, huku kuna ngoma, vyungu na vinyago. Makavazi ya Denver, katika jimbo la Colorado nchini Marekani, ni ya namna hiyo. Kwa miaka mingi, jengo hilo lenye mifupa ya dainosau lilihifadhi pia mbao 30 ndefu zilizochongwa hapa Pwani. Mbao hizo ni vigango vya Wamijikenda.

Kwa mgeni, kigango ni ubao wa mti mgumu wenye kichwa cha mviringo au cha pembe nne na kiwiliwili kirefu kilichochorwa pembetatu. Sehemu ya chini huachwa bila nakshi kwa sababu hiyo ndiyo inayozikwa ardhini. Vingine hupita urefu wa mtu. Kwa Mgiriama, hata hivyo, huo si ubao. Kigango husimamishwa kwa ajili ya marehemu aliyekuwa mwanachama wa Gohu, chama cha wazee wenye mali na heshima. Marehemu wengine huwekewa koma, vijiti vifupi visivyo na nakshi nyingi.

Mara nyingi kigango hakiwekwi siku ya maziko. Huweza kupita miaka. Kisha marehemu humjia mtu wa mji ndotoni akilalamika kwamba amesahauliwa, au maradhi huandama nyumba. Hapo ndipo mchongaji huitwa. Kikishasimama, kigango hufungwa vitambaa, humwagiwa mnazi na huambiwa habari za mji. Hakihamishwi. Hata watu wakihama, kigango hubaki palepale mpaka mchwa na mvua vikimalize. Kuoza kwake si uzembe wa familia. Ndivyo desturi inavyotaka.

Desturi hiyo ya kukiacha palipo ndiyo iliyowapa wezi nafasi. Kuanzia miaka ya 1970, vigango vilianza kung'olewa usiku na kuuzwa kwa wafanyabiashara wa vitu vya sanaa. Vilivuka bahari, vikanunuliwa na matajiri, na baadhi yao wakavitoa kama zawadi kwa makavazi. Mamia ya vigango yaliingia Marekani kwa njia hiyo.

Kisa kimoja kinaonyesha hasara hiyo vizuri. Mwaka wa 1985, mwanaanthropolojia Mmarekani Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja wa Kigiriama akiwa na vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake. Muda mfupi baadaye vigango hivyo viliibwa. Mzee aliomba msaada wa kuvitafuta, lakini alifariki bila kuviona tena. Jamaa zake walihusisha wizi huo na mikosi iliyofuata nyumbani.

Mwaka wa 1999, katika mkutano wa wasomi huko Marekani, Udvardy aliona picha ya kigango kilichokuwa katika mkusanyiko wa jimbo la Illinois. Alikitambua: kilikuwa kimoja cha vile viwili. Cha pili kilipatikana katika makavazi ya Chuo Kikuu cha Hampton, jimbo la Virginia. Picha ile ya mwaka wa 1985 ndiyo iliyokuwa ushahidi. Mwaka wa 2007, familia ilikipokea kigango cha kwanza kwa sherehe.

Baada ya hapo mlango ukafunguka. Mwaka wa 2014, Makavazi ya Denver yalitangaza kwamba yangerudisha vigango vyake vyote 30, na mwaka wa 2019 vikafika Nairobi mikononi mwa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Illinois nayo imerudisha vingine 37.

Lakini kufika Nairobi si kufika nyumbani. Aliyeng'oa kigango hakuandika jina la marehemu wala la kijiji. Aliyekinunua hakuuliza. Kwa hiyo vingi vya vilivyorudi havijulikani ni vya mji gani, na bila jina hakuna mahali pa kuvisimamisha. Familia moja ilipata chake kwa sababu ilikuwa na picha. Nyingine nyingi hazina.

Ndiyo maana kazi kubwa imebaki kwa wakazi wenyewe. Familia yenye kigango inashauriwa kukipiga picha mbele na nyuma, na kuandika jina la marehemu, mji wake na mwaka kiliposimamishwa, kama unakumbukwa. Picha hizo zihifadhiwe na wazee na jamaa. Zisisambazwe mitandaoni zikionyesha mahali kilipo. Kikitoweka, chifu na polisi waarifiwe siku hiyo hiyo, na Makavazi ya Kitaifa yapelekewe picha. Sheria ya Makavazi na Urithi ya mwaka wa 2006 inalinda vitu vya urithi, na kuvitoa nchini bila kibali ni kosa.

Kwa vijana, kuna neno moja. Mnunuzi wa usiku hulipa mara moja, tena kidogo. Babu aliyeng'olewa hulipiwa na ukoo mzima kwa miaka.

Na kwa wazee: yapo majina ambayo hayajaandikwa popote ila vichwani mwenu. Mjukuu akija na daftari, mwiteni akae. Huenda jina mtakalomtajia ndilo linalosubiriwa na kigango kimoja kilichoko Nairobi.