Ni Nani Aliyeipanga Meza ya Dunia?



Twaambiwa kwamba dunia ina utaratibu wake. Tuulize: umewekwa na nani? Vitabu vingi vya uhusiano wa kimataifa huanzia Ulaya, kwenye mapatano ya Westphalia ya mwaka 1648, kana kwamba Kilwa haikufanya biashara na Bara Hindi karne nyingi kabla ya hapo. Huko Berlin, mwaka 1884 hadi 1885, wakubwa walitunga kanuni za kuigawana Afrika, na hapakuwa na Mwafrika mezani.

Mwaka 1944 nchi 44 zilikutana Bretton Woods, Marekani, zikaanzisha Shirika la Fedha la Kimataifa na Benki ya Dunia. Kutoka Afrika zilikuwako nne tu: Misri, Ethiopia, Liberia na Afrika Kusini ya Makaburu na Waingereza. Hata leo maamuzi makubwa ya Shirika hilo yadai asilimia 85 ya kura, na Marekani peke yake inazo zaidi ya 15. Nchi moja yaweza kuzuia yaliyokubaliwa na nyingine zote. Matokeo yake tuliyaona katika miaka ya 1980 na 1990: serikali zetu ziliagizwa kubana matumizi, na mama mjamzito akadaiwa fedha mlangoni pa zahanati.

Sasa mizani inageuka. Mwaka 2024 Misri na Ethiopia ziliingia katika umoja wa BRICS, pamoja na China, India, Brazili na wengineo. Wapo wanaoshangilia. Lakini kubadili bwana si kupata uhuru. Mkopo wa China wa kujenga reli ya Kenya nao hulipwa kwa jasho la mwananchi.

Papa Paulo VI, katika waraka wake wa mwaka 1967 juu ya maendeleo ya watu, alifundisha kwamba mapatano kati ya wasiolingana kwa nguvu hayawi ya haki kwa sababu tu pande zote zimeyakubali. Kipimo hicho kinawahusu wa Magharibi na wa Mashariki sawasawa. Mwalimu Nyerere naye, akiongoza Tume ya Kusini tangu mwaka 1987 hadi 1990, alihimiza nchi maskini zijitegemee na kutegemeana.

Basi, katika jumuiya zetu ndogondogo tujadiliane: serikali yetu inapokopa, nani ameusoma mkataba? Nani atalipa? Na maskini wa kijiji chetu atapata nini? Asiyeuliza hupangiwa.