Jenerali Pervez Musharraf: kutoka kambini hadi ikulu, na kisha Dubai

Al Mankhool ni mtaa wa upande wa Bur Dubai, si mbali na hori ya Dubai. Wapakistani ni wengi mjini humo, na wafanyabiashara wa Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam wanaofuata bidhaa hukutana nao madukani. Ni Dubai ambako Jenerali Pervez Musharraf, mtawala wa zamani wa Pakistan, alifariki dunia tarehe 5 Februari mwaka 2023, akiwa na umri wa miaka 79.

Musharraf alizaliwa Delhi mwaka 1943. India ilipogawanywa mwaka 1947, wazazi wake walihamia Karachi. Alipata kamisheni jeshini mwaka 1964, akashiriki vita vya mwaka 1965 na 1971 dhidi ya India. Oktoba mwaka 1998 Waziri Mkuu Nawaz Sharif alimteua mkuu wa jeshi la nchi kavu, akiwaruka maafisa waliomzidi kwa ukongwe. Huenda Sharif alidhani mtu wa namna hiyo angekuwa mtiifu.

Mwaka mmoja baadaye, tarehe 12 Oktoba 1999, Musharraf alikuwa akirejea kutoka Colombo kwa ndege ya abiria. Sharif alimfuta kazi akiwa bado angani, na rubani akakatazwa kutua Karachi, huku mafuta yakipungua. Wanajeshi waliuteka uwanja. Ndege ikatua, na jenerali akashuka akiwa ndiye mwenye nchi.

Alijitangaza rais mwaka 2001, na baada ya mashambulizi ya Septemba 11 akaungana na Marekani. Desemba mwaka 2003 alinusurika mara mbili kuuawa mjini Rawalpindi. Kilichomwangusha hasa ni ugomvi wake na mahakama. Machi mwaka 2007 alimsimamisha kazi Jaji Mkuu Iftikhar Chaudhry, na mawakili, watu wasiozoea kurusha mawe, wakajaa barabarani na makoti yao meusi. Novemba mwaka huo alitangaza hali ya hatari, kisha akavua sare. Benazir Bhutto, aliyewahi kuishi uhamishoni Dubai, aliuawa tarehe 27 Desemba. Chama chake kikaongoza katika uchaguzi uliofuata, na Agosti mwaka 2008 Musharraf akajiuzulu kabla ya kushtakiwa bungeni.

Aliunda chama mwaka 2010, na Machi mwaka 2013 akapanda ndege kutoka Dubai kwenda Karachi kugombea. Alizuiwa, akafunguliwa mashtaka, na mwaka 2016 akaruhusiwa kurudi Dubai kwa matibabu. Desemba mwaka 2019 mahakama maalum ilimhukumu kifo kwa uhaini, akiwa hayupo. Mwezi uliofuata Mahakama Kuu ya Lahore ikasema mahakama hiyo haikuundwa kisheria.

Alizikwa Karachi. Januari mwaka 2024, miezi kumi na moja baada ya mazishi, Mahakama ya Juu ya Pakistan iliithibitisha hukumu ya kifo.