Fedha na Muhula Wake: Mada juu ya Akiba na Uwekezaji wa Mwanzo, Kimihurura



Madhumuni ya mada hii si kuwafundisha namna ya kutajirika, kwa kuwa ilimu hiyo msemaji wenu hanayo, na lau angalikuwa nayo yumkini asingalikuwapo hapa Kimihurura, jijini Kigali, asubuhi hii. Nilichokusudia ni kuyajibu maswali ambayo mtu mwenye mshahara wa kiasi, au mwenye biashara ndogo, huyauliza kwa sauti ya chini pindi anapobakiwa na fedha kidogo mwisho wa mwezi: zitazaa kiasi gani, niziweke wapi, zitakuwa salama, na nikizihitaji nitazipata lini? Aghalabu huulizwa kwa taratibu hiyo hiyo, faida ikitangulizwa na muda ukiachwa mkiani; na rai yangu ni kwamba taratibu hiyo imepinduka, kwani muhula wa fedha ndio unaopaswa kujulikana kwanza, na ukishajulikana, maswali matatu yaliyosalia hupungua uzito wake kwa zaidi ya nusu.

Kilima hiki chetu kina wizara, kina Bunge, kina ukumbi mkubwa wa mikutano ambao kuba lake huonekana usiku kutoka vilima vya jirani. Na katika majengo hayo wamo makarani, walinzi, wapishi, wasafishaji, na nje ya malango wamo madereva wa pikipiki wanaowangojea. Watu hawa hawalingani kwa kipato, bali wanalingana katika jambo moja, kwamba fedha ya kila mmoja wao, hata ikiwa ndogo namna gani, haina kazi moja: iko itakayotakiwa kesho mtoto akiugua, iko itakayotakiwa Septemba shule zikifunguliwa, na iko ambayo, Mungu akijaalia umri, haitatakiwa mpaka nguvu za mikono zitakapokwisha. Mtu anayezichanganya zote katika akaunti moja, au katika simu moja, hataweza kujua ni ipi anayoila.

Tuanze na ile ya kesho. Hii haitafutiwi faida hata kidogo. Inatafutiwa wepesi na usalama, na kwa hiyo simu, ambayo tangu 2010 imewawezesha watu wa nchi hii kutumiana fedha bila ya kupanga foleni, yafaa kwa sehemu yake ndogo, na akaunti ya kawaida ya akiba yafaa kwa iliyobaki. Lakini simu ina ila moja, nayo ni kwamba fedha iliyo karibu na kidole hutoka kwa wepesi ule ule ilioingia. Ndiyo maana nisingependa kuwasikia wasomi wetu wakivibeza vikundi vya kuchangishana, ambavyo hapa huitwa ibimina. Kwani mwanachama anayejua kwamba Jumapili ataulizwa mchango wake mbele ya majirani hupata nidhamu ambayo hakuna benki iwezayo kumpa, maadamu karani wa benki hajui jina la mama yake wala hatamwona sokoni. Kasoro ya kikundi ni kwamba usalama wake wote umo katika uaminifu wa watu wachache na katika daftari lao, basi fedha inayoweza kuufilisi ukoo mzima ikipotea haifai kulala humo.

Kuhusu akaunti, swali ninaloulizwa mara nyingi ni hili: benki ipi inatoa riba kubwa? Nami hujibu kwa kuuliza, je, wajua ada zake? Tuchukue kwa mfano mtu mwenye faranga 60,000 katika akaunti inayolipa asilimia 4 kwa mwaka: riba yake yote ni faranga 2,400, na akikatwa faranga 300 tu kila mwezi kwa uendeshaji wa akaunti, atakuwa amelipa 3,600, maana yake benki imemtunzia fedha zake kwa hasara ya faranga 1,200, ilhali yeye anajihesabu kuwa mwekaji akiba. Karatasi ya ada, ambayo hutolewa wakati wa kufungua akaunti na ambayo wengi huikunja bila ya kuisoma, ina maana kubwa kwa mtu mdogo kuliko lile tangazo la riba lililobandikwa ukutani.

Na usalama je? Nchi hii ina tajiriba yake, tamu na chungu. Mwaka 1975 wanakijiji wa Nkamba, katika Kibungo ya zamani, walianzisha benki ya ushirika ambayo ilienea nchini kwa jina la Banque Populaire, na ambayo baada ya mageuzi mengi ndiyo BPR ya leo. Upande wa pili, mwaka 2006 taasisi kadhaa za mikopo midogo zilifungwa kwa kufilisika, na wenye amana, wengi wao wakiwa watu wa hali ya chini, wakabaki milangoni na vitabu vyao mikononi. Kutokana na misukosuko ya namna hiyo, usimamizi wa Benki Kuu uliimarishwa. Zikaja SACCO za Umurenge, yaani vyama vya akiba na mikopo vya ngazi ya tarafa, kimoja kwa kila mojawapo ya mirenge 416 ya nchi. Na sheria ya 2015 ikaunda mfuko wa dhamana unaomkinga mweka amana mdogo, kwa kiwango chenye mpaka, benki au taasisi yake inapoanguka. Basi swali la usalama lina jibu fupi: uliza kama taasisi ina leseni ya Benki Kuu, na uliza mpaka wa dhamana ni kiasi gani kwa wakati huo, kisha usiuvuke mpaka huo mahali pamoja.

Hata hivyo iko hasara isiyofunga milango wala kutangazwa redioni. Mwishoni mwa 2022 mfumuko wa bei katika miji ya Rwanda ulipita asilimia 20 kwa mwaka. Kwa hesabu hiyo, faranga 100,000 zilizolala bila riba zilinunua mwisho wa mwaka vitu vya faranga 83,000 hivi vya mwaka uliotangulia. Mwenye fedha ya kesho hana budi kuivumilia hasara hiyo, kama avumiliavyo kodi ya nyumba, kwa kuwa ananunua utulivu. Lakini mwenye fedha ya miaka mitano au kumi akiivumilia, huo si uvumilivu tena bali ni uzembe, na hapo ndipo mlango wa uwekezaji unapofunguka.

Mlango wa kwanza, nao ndio ninaoupendelea kwa anayeanza, ni hatifungani za serikali. Kuanzia faranga 100,000 mtu aweza kuikopesha serikali kwa muda wa miaka kadhaa, akalipwa riba kila miezi sita. Tuseme hatifungani yalipa asilimia 12 kwa mwaka: kila nusu mwaka mwenye 100,000 atapata 6,000; ushuru wa asilimia 5 ukiondolewa, zitaingia 5,700 katika akaunti yake, kwa mwaka ni 11,400, na muhula ukitimia atarudishiwa 100,000 zake kamili. Watu huniuliza, je, nikibanwa kabla ya muhula? Yawezekana kuiuza katika Soko la Hisa la Rwanda kupitia kwa wakala, lakini bei yake haina ahadi, kwa sababu ikiwa hatifungani mpya zimetoka na riba kubwa zaidi, nani atainunua yako kwa bei ile ile? Kwa hiyo hatifungani ya miaka 15 si mahali pa kuwekea ada ya shule ya Septemba, hata kama riba yake inapendeza macho.

Kwa asiyefikisha 100,000 uko mfuko wa uwekezaji wa pamoja wa Iterambere, unaoendeshwa na shirika la RNIT, ulioanza 2016, ambao mtu huingia kwa faranga 2,000 tu, na fedha za wengi hukusanywa zikanunua hatifungani na amana za benki. Tanzania walitutangulia katika njia hii kwa mfuko wao wa Umoja wa mwaka 2005, na Kenya mwaka 2017 walijaribu kuuza hatifungani kwa njia ya simu, M-Akiba, kuanzia shilingi 3,000.

Hisa ni jambo jingine kabisa. Soko letu lilizinduliwa Januari 2011 kwa hisa za Bralirwa zilizouzwa kwa faranga 136, na mwaka huo huo zikafuata za Bank of Kigali kwa 125, na watu waliozoea kununua ng'ombe na viwanja wakajikuta ni washirika wa makampuni. Mwenye hisa hakuahidiwa kitu: kampuni ikipata hupewa gawio, isipopata hunyamaziwa. Kenya mwaka 2008, hisa za Safaricom zilipouzwa kwa shilingi 5, wako waliokopa benki ili wazinunue. Maombi yakazidi hisa zilizokuwapo, wakagawiwa sehemu ndogo tu, bei ikaanguka chini ya hiyo 5 na kukaa huko kwa miaka, ilhali riba ya mkopo haikungoja. Aliyenunua kwa fedha asiyoihitaji, akatulia, baadaye alifurahi. Aliyenunua kwa fedha ya muhula mfupi aliuza kwa hasara. Kampuni ni ile ile na bei ni ile ile, kilichowatafautisha ni muda.

Ndugu zetu Waislamu wa mitaa ya Nyamirambo na Biryogo huuliza juu ya riba, nami si mufti niwatolee fatwa. Nitasema tu kwamba hisa ni ushirika na si mkopo, ingawa biashara ya kampuni nayo yafaa kutazamwa, na anayejiepusha na pombe hatahitaji kuambiwa Bralirwa hutengeneza nini. Kwa jirani zetu ziko benki zilizojengwa juu ya misingi ya sharia, kama Gulf African ya Kenya tangu 2008 na Amana ya Tanzania tangu 2011. Haja ya namna hiyo ipo hapa pia, na wenye benki wetu wangefanya hisani kuisikiliza.

Fedha ya uzeeni haihitaji maneno mengi. Mwenye ajira rasmi anakatwa tayari, na tangu Januari 2025 mchango wa pensheni umepanda kutoka asilimia 6 hadi 12 ya mshahara, nusu yake ikitoka kwa mwajiri. Kwa dereva wa pikipiki, fundi na mama muuza mboga uko mpango wa akiba ya muda mrefu wa EjoHeza, ulioanzishwa kwa sheria ya 2017 chini ya RSSB, bodi ya hifadhi ya jamii, ambao mtu hujiandikisha kwa simu yake mwenyewe na huchangia kadiri awezavyo. Si mahali pa kutafutia fedha ya mwezi ujao, na hilo ndilo jema lake.

Nisiache kuwatahadharisha na wale wanaoahidi kuzidisha fedha kwa wiki chache. Tanzania mwaka 2009 wafuasi wa mchezo wa fedha ulioitwa DECI walipanda mbegu, kama walivyoita, wakingoja mavuno yaliyokuwa yakitoka katika mifuko ya waliojiunga nyuma yao, mpaka serikali ilipousimamisha mchezo. Majina hubadilika, hesabu yake haibadiliki.

Mwisho nina ombi, nalo nalielekeza kwa mabenki, SACCO na mifuko iliyotajwa: Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, basi popote ambapo karatasi ya ada na mkataba wa akaunti havijapatikana bado kwa Kiswahili, tunaomba viandikwe. Na ninyi mliohudhuria, karatasi hiyo isipokuwapo, msitie sahihi mpaka msomewe ada zote, moja baada ya moja.