Ndege wa Kamanga na Kumbukumbu za Ziwa



Nimekuja na hoja moja. Kumtambua ndege kwa uhakika, kisha kuandika jina lake, tarehe na mahali alipoonekana, ni kazi ya umma. Ziwa letu la Victoria limebadilika sana ndani ya umri wa mtu mmoja. Samaki wamejificha majini, ila ndege wanaowala wako mbele ya macho yetu kila siku. Ushahidi wao haufai kitu iwapo hatujui nani ni nani.

Tuanze na njia. Anayejifunza hukimbilia rangi, na rangi humpoteza. Ukishuka kwenye kivuko cha Kamanga, katika Ghuba ya Mwanza, utawaona ufukweni ndege weupe wenye miguu mirefu. Wote huitwa yangeyange, na habari huishia hapo. Watazame tena. Mwenye mdomo mweusi, miguu myeusi na vidole vya njano ni yangeyange mdogo, anayevizia samaki kwenye maji ya kina kifupi. Yule mfupi mwenye mdomo wa njano, anayefuatana na mifugo akidaka panzi wanaotimuliwa na kwato, ni yangeyange wa ng'ombe. Aliye mrefu kuwapita wote ni yangeyange mkubwa, na mstari wa mdomo wake hupita hadi nyuma ya jicho. Kwa hiyo uliza kwanza: yuko wapi, ana umbo gani, anafanya nini, analiaje? Rangi ije baadaye.

Maswali hayohayo huwatenganisha ndege weusi. Mnandi husimama juu ya mawe akiwa ametandaza mabawa, kwa sababu manyoya yake hulowa anapozamia na lazima ayakaushe. Mbizi naye hufanya hivyo, lakini mdomo wake umenyooka na kuchongoka, ilhali wa mnandi una ncha iliyopinda. Akiogelea, mwili wa mbizi huzama na shingo nyembamba hubaki peke yake juu ya maji. Angani, mwewe anayezunguka juu ya mialo na masoko ana mkia wenye panda, na huupindapinda anaporuka. Kwazi, ambaye wengi humwita tai mla samaki, hana panda hiyo. Kwazi kijana ni wa kahawia, na hupita miaka kadhaa kabla kichwa chake hakijawa cheupe kabisa. Ndiyo maana wengi humhesabu kuwa mwewe.

Hata mitaani tunahitaji jicho hilo. Kasuku wadogo wa kijani wenye uso wa rangi ya chungwa, wanaopita makundi kwa makundi wakipiga kelele, ni cherero wa Fischer. Asili yao ni kaskazini mwa Tanzania. Katika miaka ya 1980 walinaswa kwa wingi mno kwa biashara ya nje. Kuwaona wakiruka huru ni jambo la kuandikwa.

Nimemweka mwisho detepwani, mweusi kwa mweupe, anayesimama hewani akipiga mabawa kisha kujitupa majini. Dume ana mikanda miwili kifuani, jike ana mmoja. Ndege huyu ametupa somo kubwa hapahapa katika Ghuba ya Mwanza.

Mwaka 1977 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walianza kuchunguza furu, samaki wadogo wa ghuba hii. Katika miaka ya 1980 sangara, waliopandikizwa ziwani katika miaka ya 1950, waliongezeka ghafla. Furu wakapukutika, dagaa wakaongezeka. Wawili kati ya watafiti hao, Wanink na Goudswaard, walipekua vitonge vya mifupa ambavyo ndege hutapika baada ya kula. Waliyoyaona waliyachapisha mwaka 1993 na 1994: detepwani aliyekuwa akiishi kwa furu alikuwa amehamia kwenye dagaa, na kwa kuwa dagaa ni mwepesi, alilazimika kukamata samaki wengi zaidi kwa siku ili ashibe. Ndege mmoja mdogo alibeba habari za ziwa zima. Habari hizo zilisomeka kwa sababu walijua kitonge hiki ni cha detepwani na kile ni cha mnandi.

Ndugu zangu wavuvi, ninyi mnawajua ndege hawa kwa mwendo na kwa sauti, hata gizani. Ujuzi huo hauna mahali unapotunzwa, na anapoondoka mzee mmoja unaondoka naye. Pa kuanzia papo: kila Januari ndege wa majini huhesabiwa katika nchi nyingi za Afrika, wakati ambapo buabua na vitwitwi kutoka kaskazini ya mbali wako kwetu. Napendekeza kila mwalo, chini ya kikundi chake cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi (BMU), uwe na daftari la ndege. Shule za jirani zisaidie kuandika. Nasi wa vyuo tuwe na wajibu wa kulisoma kila mwaka na kurudisha majibu mwaloni. Sangara walipoligeuza ziwa, waliotuandikia mengi walikuwa wageni. Badiliko lijalo tuliandike wenyewe.