Sinema za Kutisha Zinapofanyiwa Mzaha



Nitasema machache juu ya sinema zinazowafanyia mzaha wauaji wa vinyago na visu. Msicheke bado.

Sinema za wauaji hao zilishamiri Marekani baada ya "Halloween" ya John Carpenter, 1978, na "Friday the 13th", 1980. Zilitengenezwa kwa fedha kidogo, zikaleta faida kubwa, basi wengi wakaiga. Kanuni zikawa zile zile: vijana wako peke yao, mmoja anaaga kwamba anarudi sasa hivi, harudi, mwisho husalimika msichana mmoja.

Dhihaka haikuchelewa. Mwaka 1981 "Student Bodies" ya Mickey Rose iliandika idadi ya maiti kwenye pazia kama mabao ya mpira. Mwaka 1996 Wes Craven, bingwa wa kutisha, alitoa "Scream", ambamo kijana anawasomea wenzake kanuni hizo, na bado watu wanakufa. Mwaka 2000 ndugu wa ukoo wa Wayans wakaidhihaki "Scream" yenyewe katika "Scary Movie".

Lakini ninayotaka muikumbuke ni "Tucker & Dale vs. Evil" ya Eli Craig, 2010. Wanaume wawili wa shamba, wapole kabisa, wanakwenda kukarabati kibanda chao msituni. Wanafunzi wa chuo wanawaona wachafu, wanaamua kuwa ni wauaji. Dale anamwokoa msichana asizame. Wenzake wanasema ametekwa. Tucker anakimbia nyuki, msumeno wa moto mkononi. Kijana mmoja anadhani anafukuzwa, anatimua mbio na kujichoma kwenye tawi. Tunacheka, huku damu inamwagika kwa sababu ya dhana tu. Na hatari ya kweli imo miongoni mwa wanafunzi wenyewe.

Vijana, mtatoka hapa na vyeti. Mtakutana na watu wenye nguo chakavu na mikono yenye sugu. Msiwahukumu kabla hamjawasalimu. Nasi wazee tusijitoe: mara ngapi tumemwita mtu mwizi kwa sura yake, na umati ukakusanyika?

Mzaha mwema hutuonyesha hofu tulizozikariri bila kuzichunguza. Sasa chekeni.